Koti la Mzee Ndani ya Makarai

Ukigonga karai tupu kwa kijiko, linalia ngiii, halafu halitaki kunyamaza. Sasa chukua makarai mawili, uyafunge mdomo kwa mdomo, uweke spika ya inchi kumi ndani, na umpe mhubiri maikrofoni. Ile ngiii ndiyo ilikuwa adui yetu mwaka mzima wa 2007, mimi na mwenzangu, na ndiyo niliyoisingizia miaka yote hii. Nikiulizwa kwa nini nilifanya nilichofanya, huwa nasema ni kazi, makarai yalikuwa yanalia. Leo nataka kulisema jambo lenyewe lilivyokuwa.

Kibanda changu cha kutengeneza spika kilikuwa Gatina, Kawangware, hapa Nairobi, chini ya ghorofa ambamo nilikuwa nimepanga chumba. Mimi ni Mkamba wa Machakos. Mwenzangu alikuwa Mjaluo, na aliishi Kibera na mke wake na watoto, upande ule unaotazamana na maghorofa ya Nyayo Highrise. Kila asubuhi alikuja kwa miguu, na kila jioni alirudi kwa miguu. Mvua ikimzuia alilala kwangu, tukagawana kitanda na lile blanketi langu la sufu ambalo mama aliniletea mjini, blanketi zito mpaka ukijifunika unahisi kama umekaliwa na mtu. Yeye alikuwa analisifu sana. Aliniita Fundi na mimi nilimwita Fundi, na mteja akiita tuligeuka wote wawili.

Wazo la spika za mviringo lilikuwa lake. Mimi nilikuwa nimetengeneza makasha ya mbao tangu nianze kazi, na nilijua ubaya wake. Kasha lina kuta bapa, na ukuta bapa ukipigwa na besi hutetemeka, kwa hiyo msikilizaji anasikia muziki na anasikia mbao pia. Mwenzangu, aliyependa kuniita omera, yaani ndugu kwa Kijaluo, akaniambia, "Yai halina ukuta, omera. Ndio maana ni ngumu kulivunja ukilifinya." Nikamwambia aende akatafute yai la kutosha inchi kumi. Kesho yake akaja na makarai mawili ya mjengo, yale ya kubebea zege, ameyavaa kichwani kama helmeti, moja juu ya lingine. Nilicheka mpaka nikasahau kuwa nilikuwa nimenuna.

Na mimi ni mtu wa kununa. Lazima niseme hilo mapema. Hasira yangu iko karibu, na ikishakuja haiondoki upesi. Inakaa inatafuta kazi ya kufanya.

Tulitoboa karai moja katikati kwa patasi tukaweka spika, tukazungusha kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya midomo miwili, tukakaza kwa nati kumi na mbili. Umbo lilikuwa la chungwa lililokaliwa. Wapangaji wenzangu wa ploti walituuliza kama tunatengeneza mabomu au tunapika. Besi ilitoka vizuri, nzito, safi, lakini kila mwimbaji alipopanda juu, kile chuma kikaitikia. Ngiii. Tukajaza mchanga chini, ukakwaruza. Tukabandika vipande vya tyubu kwa gundi, vikasaidia kidogo, halafu jua likapiga vikabanduka. Tukayeyusha lami tukapaka ndani, na hiyo ikanyamazisha nusu.

Mwenzangu alikuwa na namna yake ya kutafuta mtetemo. Alishika bisibisi, ncha kwenye karai, mkia kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho, akawa anahamahama kama daktari anayempima mgonjwa kifua. "Hapa," anasema. "Hapa bado kuna mtu anaongea." Ni yeye aliyegundua kwamba dawa ni sufu. Nailoni haifai, na pamba haifai. Unachukua sweta zito la mitumba, unalikata, unalilaza juu ya lami ikiwa bado ya moto, unalikandamiza, unapaka lami tena, unaweka la pili. Na kabla ya kulaza unatoa kila kitu kigumu, zipu, vifungo na vishikizo vya chuma, maana kimoja tu kikibaki kitakuja kulialia ndani siku ukishafunga. Jozi ya kwanza tuliyotengeneza hivyo tulimpa kinyozi wa Kongo, mtaa wa hapo hapo Kawangware. Mwenzangu akaweka bisibisi sikioni, akasema, "Amelala."

Mwezi wa kumi na moja baba yake alifariki. Mzee alikuwa ameletwa Kibera akiwa mgonjwa ili awe karibu na hospitali, na alikaa kwa mwanawe miezi mitano. Nilimwona mara kadhaa. Alikuwa amefanya kazi reli tangu ujana, na hata kwenye joto alivaa koti lake la reli, refu, jeusi, la sufu nene, lenye vifungo sita vya shaba alivyokuwa akivisugua kwa majivu. Walimsafirisha wakamzika nyumbani. Nguo zake zilibaki Kibera, na mwenzangu alinieleza kwamba kwao nguo za marehemu hazigawanywi hovyo. Kuna siku yake, watu hukaa, na kila nguo ina mwenyewe. Koti lilikuwa la baba yake mdogo, ndugu pekee wa mzee aliyekuwa amebaki. Angezipeleka Disemba, akishapiga kura.

Akapiga kura Alhamisi. Jumamosi, matokeo yakiwa bado yanachelewa na watu wameanza kusimama vikundi vikundi, akanijia na gunia kichwani.

"Niaje, Fundi."

"Poa. Hiyo ni nini?"

"Nguo za mzee. Kule kunanuka shari, omera. Kwangu ni udongo na mabati, kitu kikishika moto hakuna cha kuokoa. Wewe uko kwa ghorofa ya mawe. Si ukae nayo mpaka barabara ifunguke."

Nikamwambia alete na mke na watoto pia. Akasema mama watoto hataki kuacha nyumba. Tuliliingiza gunia chini ya kitanda changu, akalisukuma kwa mguu mpaka likagusa ukuta, akasema, "Sasa mzee yuko salama." Akanywa chai, akaondoka. Jumapili matokeo yakatangazwa, na yaliyofuata, ya makabila kuchomeana nyumba na kuuana, kila mtu wa Nairobi anayajua.

Simu yake ilizimika siku ya pili. Kadi za simu zilikuwa zimepotea madukani kama vile maziwa na unga, kwa hiyo kutosikia kutoka kwa mtu hakukumaanisha lolote. Hivyo ndivyo ningepaswa kufikiri. Lakini dada yangu alinipigia kwa simu ya kuazima. Alikuwa na kibanda cha mboga Kibera, hatua chache kutoka reli. Kilikuwa kimechomwa. Mabati yaliyopona moto yalibebwa akitazama, na yeye alikuwa amejibanza Nyayo Highrise kwa mama mmoja wa kanisa lake.

Nikamuuliza, "Ni nani?"

Akasema, "Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu. Moshi ulikuwa mwingi. Sijui."

Yeye hakujua. Mimi nikajua. Nikaipa ile "watu" uso, na uso niliochagua ni ule wa mtu aliyekuwa ananiita omera. Si kwamba niliamini yeye mwenyewe alishika kiberiti, sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilijiambia tu kwamba ni wao, na yeye ni wao, na yuko kimya, na mtu asiye na hatia angetafuta namna ya kupiga simu. Huku mtaani nako ilikuwa vivyo hivyo. Kila mtu alikuwa anahesabu kabila la jirani kabla ya kumsalimia. Dada yangu alipopata gari akaenda Machakos. Mimi nikabaki na gunia.

Katikati ya Januari mchungaji wa kanisa lililo mtaa wa pili akaja kibandani. Tulikuwa tumemuahidi jozi moja, na ilikuwa karibu tayari. Makarai yalikuwa yametobolewa, spika zipo, lami ipo, na iliyokosekana ni sufu tu. Alitaka kufanya maombi ya amani nje, Jumapili ya pili yake, watu wa makabila yote wasikie. "Hata usipomaliza vizuri," akasema, "tutavumilia."

Alikuwa anasema kwa upole lakini mimi nilisikia dharau. Nikamwambia kazi yangu huwa inaishia vizuri. Nikaenda kutafuta sweta. Pale palipokuwa na mitumba palikuwa majivu na vigingi, na waliobaki na marobota walikuwa wameyafungia majumbani. Nikarudi. Nikakaa kitandani. Ilikuwa mchana, saa nane hivi, na jua limeingia mpaka katikati ya chumba. Nikainama nikavuta gunia.

Juu kulikuwa na mashati mawili, suruali, kofia ya kufuma. Koti lilikuwa chini, limekunjwa ndani nje ili lisipate vumbi. Lilikuwa bado linanuka yule mzee, tumbaku na mafuta ya kuchua. Nilikumbuka vizuri nilichoambiwa. Nililitandaza juu ya meza ya kazi na nikalipima kwa macho, na niseme ukweli, sikutetemeka. Nilikuwa na furaha ya aina fulani, ile ya mtu anayevunja sahani akigombana. Nikachukua wembe nikakata vifungo kwanza, kimoja kimoja, kwa uangalifu, maana vingelialia ndani. Nikavitupa kwenye kopo la nati. Kisha nikashika mkasi mkubwa.

Sufu ile sijawahi kuona nyingine kama hiyo. Ilikunywa lami ikashikana na chuma kama ngozi. Mgongo wa koti uliingia kwenye spika ya kulia, mikono na mapande ya mbele kwenye ya kushoto. Ukosi uliobaki niliufunga nyuma ya koni ya spika. Mashati sikuyagusa, na nikayatumia hayo kujitetea nafsini, kwamba si kila kitu nimeharibu. Jumapili ile watu walijaa. Mchungaji alilia kwenye maikrofoni, akaita makabila kwa majina yao, akaomba yasameheane, na makarai hayakutoa hata nukta ya mlio. Watu waliniambia sauti imetoka safi kama mtu amesimama hapo. Niliitikia asante, asante. Niliporudi nyumbani sikuweza kula.

Kwa sababu hasira ilikuwa imeisha. Ndivyo ilivyo yangu, ikishamaliza kazi inaondoka na kuniacha na uchafu. Hasira hasara, mama aliniimbia hilo tangu utotoni.

Mwenzangu alirudi mwezi wa tatu, baada ya wakubwa wa siasa kupatana. Alikuwa amekonda, na nyumba yake ilikuwa imeungua na nyumba zote za mstari ule. Yeye na familia walikuwa wamelala kanisani, kisha kwa shemeji, na simu iliungulia ndani. Akanishika mkono hakuuachia. Akaniuliza dada yangu yuko wapi, akasema siku ile ya moto alimtafuta, akaambiwa ameonekana akikimbilia Nyayo Highrise, ndipo moyo ukatulia. Alisema hivyo kabla hajaniuliza gunia.

Halafu akaniuliza gunia.

Nilikuwa na wiki nane za kuandaa jibu na bado nilijibu kama mtoto. Nikasema walivunja mlango. Nikasema nilikuwa nimeenda kutafuta unga. Nikasema walichukua redio yangu pia, na koti, na ni mashati haya mawili tu na suruali na kofia waliyoyaangusha kwenye ngazi. Mlango wangu haukuwa hata na alama ya kucha.

Hakuutazama mlango. Alikaa kitandani, akaweka mashati mapajani, akayalainisha. "Majirani?" akauliza.

"Labda."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Kisha akainua kichwa. "Lakini wewe hawakukuumiza?"

"Hapana."

"Basi. Koti ni koti. Bora wewe."

Ungemwona anavyolisema. Hakuwa anajilazimisha.

Akaenda kwao na yale mashati. Aliporudi alinisimulia, huku tunafanya kazi, kwamba watu walikaa siku iliyopangwa na kila mtu akapata chake. Baba mdogo alipoitwa alisimama, mzee mwenye fimbo, akanyoosha mikono miwili, na hakukuwa na cha kumpa. Mwenzangu akaeleza mbele ya wote jinsi rafiki yake wa Kikamba alivyovunjiwa mlango akilinda mali yao. "Akaniuliza mara mbili," akasema, "kama hata kifungo hakikubaki. Kifungo tu ashike."

Kopo la nati lilikuwa kati yetu, kwenye meza. Ningeweza kunyoosha mkono. Nilichofanya ni kumwambia pole.

Na mama yake alikuwa amenitumia njugu, mfuko wa kilo mbili, zilizokaangwa kwa chumvi, na salamu kwamba aliyelinda akashindwa amelinda pia. Njugu zile zilikaa kwenye rafu mpaka zikaingia wadudu. Kila akiniuliza kama zilikuwa tamu nilisema tamu sana.

Tukapeleka jozi nyingine kanisani kwa mchungaji yule, na hapo mwenzangu akaziona zile za kwanza. Akaomba ziwashwe. Akatoa bisibisi mfukoni, akaweka ncha kwenye karai la kulia, akaegemeza sikio. Akazunguka lote. Akaenda la kushoto. Mimi nilikuwa nimeshika waya.

"Hakuna anayeongea," akasema. "Kabisa. Hata yetu ya Kongo haikufika hapa. Uliweka nini?"

"Sufu kuukuu."

"Ulitoa wapi wakati ule?"

"Ilipatikana."

Akanipiga bega. Akamwambia mchungaji kwamba sasa mwanafunzi amempita mwalimu.

Kama ningekuwa na bahati mbaya kidogo tu ningeng'amuliwa siku hiyo, ningeadhibiwa, ningepumzika. Lakini tulifanya kazi pamoja wiki sita nyingine, na ilikuwa asubuhi ya kawaida, mimi napasha lami na yeye anakaza makarai mapya. Nati moja ikampungukia. Akamimina kopo juu ya meza, akatawanya kwa kidole. Nati, washa, misumari. Nikasikia kidole kimesimama.

Sikugeuka. Nilisubiri apige kelele, na hakupiga. Nilipogeuka alikuwa ameweka kifungo kimoja cha shaba kwenye kiganja na anakifuta kwa kidole gumba, vile mzee alivyokuwa akifanya. Akakiinua mpaka usawa wa macho. Akakiangalia tena. Halafu akaanza kutafuta vingine, taratibu, akivitenga na nati, mpaka vikawa sita mstarini.

"Liko wapi?" akauliza.

Nikasema, "Kanisani. Ndani ya makarai."

Nikaanza kujieleza. Nikamwambia mchungaji alihitaji spika, maombi yalikuwa ya amani, mitumba ilikuwa imeungua, mji mzima hapakuwa na sufu, angefanya nini mtu. Nikamwambia kuhusu dada na kibanda chake. Nilisema mengi, na kila nililosema lilikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza, hajanikatiza hata mara moja. Nilipomaliza hakuuliza kuhusu mlango, wala redio, wala njugu. Alikuwa fundi, aliuliza swali la fundi.

"Omera," akasema, "lile blanketi lako lilikuwa wapi?"

Lami ilikuwa inachemka na sikuipunguzia moto.

"Kitandani," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kukubali, kama nimempa kipimo alichokuwa anakitafuta. Akavitia vifungo kwenye mfuko wa shati, akaufunga mfuko. Akamaliza kukaza nati aliyokuwa ameianza, akarudisha spana kwenye msumari wake, akachukua koti lake mwenyewe akaondoka. Hakurudi kesho yake, wala kesho kutwa. Mke wake alinipokelea simu mara moja, akasema amepata kazi mahali, na sauti yake ilikuwa ya heshima tu.

Nilimwomba mchungaji aniruhusu kuzifungua zile spika. Nililegeza nati zote kumi na mbili za kila moja, nikaingiza patasi, na sufu ikatoka vipande vidogo vilivyojaa lami, visivyofaa kushikwa na mzee yeyote. Nikaiacha iliyobaki humo, nikafunga tena. Hazijawahi kulia mpaka leo. Blanketi ninalo, mama alichagua zuri, na halina hata tundu moja.